Mtoto Akililia Brashi: Jumapili Moja ya Kutazama Picha Nairobi

MTOTO akililia wembe mpe, walisema wahenga. Lakini je, akililia penseli na makopo ya rangi, mzazi afanye nini?

Swali hili lilizuka nyumbani kwa kaka yangu, katika mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji la Nairobi. Binti yake yuko Gredi ya 9 na anatakiwa achague mkondo wa masomo atakaoufuata katika shule ya upili. Mzazi yeyote mwenye mtoto wa umri huo anajua ninachokisema. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza masomo Januari 2026, na mikondo iliyo mbele ya watoto wetu ni mitatu: Sayansi, Teknolojia na Hisabati, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Binti alitaka huo wa tatu. Baba mtu, ambaye ni mekanika, hakutaka kusikia. Nilipowatembelea alichukua daftari la hesabu la mwanawe, akalifungua kutoka nyuma, akanipa. Kurasa zilijaa sura za watu: nyanya yake akichambua maharagwe, mwuza sukuma wiki, kondakta akining'inia mlangoni mwa matatu.

"Dada, tazama," alilalamika. "Mimi natafuta karo, yeye anachora makanga!"

Nilitazama. Makanga yule nilimtambua. Ni yule yule aliyeninyima chenji yangu asubuhi ile.

Nikamwomba kaka jambo moja tu. Kabla ya kutia sahihi fomu yoyote, tutoke sote watatu Jumapili moja tukaone picha zilizochorwa na watu waliofanya kazi hiyo maisha yao yote. Alicheka. "Kwani picha ni za kwendewa?" Hata hivyo alikubali, labda kwa sababu nilimwahidi chakula cha mchana.

Wanaokaa katika jumba la makumbusho

Tulianzia Makumbusho ya Taifa, pale mlimani karibu na mzunguko wa Barabara ya Museum Hill. Jumba hilo lilifunguliwa 1930 likiitwa Coryndon, na lilifungwa kwa ukarabati mkubwa kati ya 2005 na 2008. Wengi wetu tulipelekwa huko na walimu tungali wadogo, tukatazama mifupa ya wanyama na nyoka, kisha tukarejea nyumbani bila kujua kwamba kulikuwa na picha.

Picha zilizotusimamisha ni za Joy Adamson. Jina hili wasomaji wengi hulihusisha na simba jike Elsa na kitabu kilichotoka 1960. Ukweli ni kwamba mama huyu, aliyezaliwa 1910 katika himaya ya Austria na kufika Kenya 1937, alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mlezi wa simba. Alianza kwa kuchora maua na mimea ya nchi hii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba mavazi hayo yalikuwa yakitoweka. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akarudi na mamia ya picha. Kitabu chake juu ya watu wa Kenya kilichapishwa 1967. Aliuawa Shaba, Januari 1980.

Hizi ni picha za uhalisia, yaani mchoraji anajitahidi kitu kionekane kama kilivyo. Ukiona shanga, unaweza karibu kuzihesabu. Ukiona ngozi ya mbuzi begani, unajua imeshonwa wapi.

Kaka, aliyekuwa akitembea upesi kama mtu anayewahi basi, alisimama ghafla mbele ya picha ya mama mmoja mzee mwenye mapambo masikioni. Alisimama kwa muda mrefu, hata askari wa zamu akamtazama.

"Nyanya alikuwa na haya," aliniambia kwa sauti ya chini. "Unakumbuka? Yalikuwa kwenye lile sanduku la bati."

Nilikumbuka. Sanduku lenyewe sijui liko wapi. Hatukuwahi kumpiga nyanya picha akiwa ameyavaa, wala hakuna aliyemchora.

Hapo binti akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Shangazi, huyu mama aliitwa nani?"

Ni swali la haki. Kazi ile ilikusudiwa kuhifadhi mavazi na mila, kwa hivyo mtu alichorwa kwa niaba ya kabila lake. Aliyekaa kitini saa nyingi ili achorwe hakuwa mgeni rasmi, alikuwa mfano. Twaweza kuzishukuru picha hizo kwa yale zilizotuhifadhia, na papo hapo tukatamani tungejua zaidi juu ya wenye nyuso hizo. Binti alitoa daftari lake akaanza kunakili mapambo yale. Safari hii baba yake hakusema neno.

Mkusanyaji aliyekuwa makamu wa rais

Kutoka hapo tulishuka mjini hadi pembe ya Barabara ya Kenyatta na Uhuru Highway. Jengo la mawe lililoko pale lilijengwa 1913, na kwa miaka mingi lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Waliozaliwa, waliooana na waliofariki waliandikishwa humo. Siku hizi ni nyumba ya sanaa ya Nairobi Gallery, na ndani yake mna sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi.

Vijana wengi wa leo hawamjui Murumbi. Alizaliwa 1911, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, wadhifa alioushika kwa miezi michache tu kuanzia 1966. Baada ya kuacha siasa alijitosa katika mapenzi yake ya kweli: kukusanya vitabu, stempu, vinyago, vitambaa na picha za Kiafrika. Pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha African Heritage katika miaka ya mwanzo ya 1970, mahali palipouza na kutukuza kazi za mikono ya Waafrika.

Murumbi alikubali mkusanyiko wake na nyumba yake ya Muthaiga vichukuliwe na serikali, akitumaini kwamba pangekuwa mahali pa watu kusomea sanaa. Nyumba hiyo haikudumu. Ilichakaa na hatimaye ikabomolewa. Yeye alifariki 1990, na amezikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto. Vitu vyake vingine viko katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi. Wanaosubiri wenzao pale nje kila jioni ni wengi kupita kiasi; wanaoingia ndani ni wachache.

Mtu akikosa hata nauli ya kufika makumbusho, asikate tamaa. Mbele ya jengo hilo hilo amesimama Tom Mboya wa shaba, sanamu iliyozinduliwa 2011, kazi ya Oshottoe Ondula. Tembea kidogo hadi Barabara ya Kimathi umwone Dedan Kimathi na bunduki yake, kazi ya Kevin Oduor iliyozinduliwa Februari 2007. Hakuna tiketi wala foleni. Mwulize mwanao: mchongaji alijuaje mikunjo ya koti lile? Kwa nini amemtazamisha huku na si kule?

"Lakini watakula nini?"

Tukiwa mezani, kaka alitoa dukuduku lake. Alikiri kwamba picha ni nzuri. "Lakini dada, watu hawa watakula nini?"

Sikumdanganya. Wachoraji wengi hapa nchini wanaishi kwa shida, na wapo walioacha brashi wakatafuta kazi nyingine. Lakini nilimsimulia habari za Sane Wadu. Alizaliwa 1954, akawa mwalimu, kisha karani wa mahakama, kazi ambazo mzazi yeyote angejivunia. Alipoziacha ili achore, watu walisema ana wazimu. Naye akajibu kwa kujiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu! Miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wachoraji wa Ngecha, kijiji cha Kiambu ambacho kimetoa wasanii wengi. Mwaka 2022, taasisi ya sanaa ya kisasa ya Nairobi, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ilifungua milango yake kwa maonyesho ya kazi za Wadu.

Armitage mwenyewe alizaliwa Nairobi 1984. Huchora juu ya nguo ya magome ya mti kutoka Uganda badala ya turubai la kawaida. Alipopewa ukumbi katika Royal Academy ya London mwaka 2021, alitundika pia kazi za wakubwa wake wa Afrika Mashariki, wakiwemo Wadu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke na Elimo Njau. Kwa maneno mengine, aliingia na wazee wake.

Aidha, nilimkumbusha kaka kwamba anayejua kuchora si lazima auze picha za kutundikwa ukutani. Vitabu vya shule vinahitaji wachoraji. Magazeti yanahitaji vibonzo. Kuna walimu wa sanaa, wabunifu wa mavazi na wachoraji wa mabango. Isitoshe, katika gereji zetu wapo vijana wanaochora nyuso za wanasoka na wanamuziki ubavuni mwa matatu hadi abiria wakachagua gari kwa sababu ya picha.

Hapo kaka alinyamaza. Yeye ndiye anayetengeneza injini za matatu hizo, na anajua vizuri mwenye gari humlipa nani kwanza.

Mambo yajayo

Msomaji ambaye angependa kuipeleka familia yake asingoje likizo ya Desemba. Alliance Française na taasisi ya Goethe, zote zikiwa katikati ya jiji, huwa na maonyesho ya picha mwaka mzima bila malipo. Kuelekea mwisho wa mwaka, chama cha marafiki wa makumbusho, Kenya Museum Society, huandaa pale Museum Hill maonyesho ya kazi za bei nafuu. Huko wachoraji wengi chipukizi hutundika picha zao pamoja na za wakongwe, na ni pahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kununua picha yake ya kwanza. Circle Art Gallery nayo ilianzisha 2013 mnada wa sanaa za Afrika Mashariki. Hata usiponunua, maonyesho yanayotangulia mnada ni darasa tosha. Piga simu kwanza uulize tarehe na saa, na mwanafunzi asisahau kitambulisho chake cha shule.

Wanaoweza kusafiri wafike Murang'a. Katika kanisa kuu la Mtakatifu James, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, Elimo Njau alichora ukutani miaka ya 1950 picha za maisha ya Yesu. Njau alizaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, akasomea Makerere, na 1965 akawa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi. Katika picha hizo za Murang'a Yesu ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ya vilima na migomba ambayo waumini waliiona kila siku wakitoka ibadani. Wakati ule lilikuwa jambo la ujasiri.

Ukiwa na watoto, usiwakimbize. Picha tano zilizotazamwa vizuri zinashinda hamsini zilizopitwa mbio. Mwache mtoto achague moja, aketi, aichore. Msiguse picha kwa vidole, kwani mafuta ya mkono huharibu rangi. Ulizeni ruhusa kabla ya kupiga picha kwa simu. Na mchoraji akiwapo, msimwogope. Wengi hufurahi kuulizwa walivyofanya kazi yao.

Tulirudi nyumbani jioni matatu ikiwa imejaa. Binti alisimama, daftari kifuani, akimchungulia makanga. Kaka alikaa kimya mpaka karibu tushuke.

"Fomu sijatia sahihi," aliniambia. "Nitakwenda shuleni kwanza nizungumze na mwalimu wake. Hesabu lazima apande, hilo sibadilishi."

Nilisema ni sawa kabisa.

Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, ukifika nyumbani, nitakueleza nyanya yangu alivyokuwa. Pua, macho, yale mapambo ya masikio, kila kitu. Uone kama unaweza."

Wiki iliyofuata alinipigia simu. Walikuwa wamejaribu mara nne. Macho, alisema, bado hayajawa yake.