Utomvu, Karafuu na Saruji: Vitu Vinavyoziba Mzizi wa Jino

Jino lililooza hadi ndani huweza kuponywa bila kung'olewa, na matibabu hayo, ambayo wakazi wa mitaa ya Eldoret kama West Indies huyatafuta katika kliniki binafsi za mjini au katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, huwa na sehemu mbili ambazo mgonjwa aliyekaa kitini na mdomo wazi hawezi kuzitenganisha. Sehemu ya kwanza ni kuusafisha mfereji ulio ndani ya mzizi, na ya pili ni kuuziba. Usafishaji ndio unaochukua muda mrefu na ndio unaoogopwa, ilhali kuziba humalizika haraka. Lakini vitu vinavyotumika kuziba ndivyo vitakavyobaki ndani ya taya kwa miaka mingi baada ya ganzi kwisha, na historia yake inapita katika misitu ya Malaya, mashamba ya Pemba na viwanda vya saruji.

Chini ya enameli, yaani tabaka gumu jeupe la nje, kuna dentini, ambayo ni tishu ngumu inayofanana na mfupa na yenye vijitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na katikati ya dentini kuna kiini, nyama laini yenye neva na mishipa ya damu. Kiini hicho hushuka hadi ncha ya mzizi kupitia mfereji mwembamba, na gego la taya ya juu huwa na mifereji 3 na mara nyingi 4, ambayo hujipinda, hugawanyika na kuungana tena kama vijito vya bondeni. Uozo unapofika kwenye kiini, bakteria hukiua, kisha hupata makao ambayo damu haifiki tena, kwa hiyo vidonge vya antibiotiki anavyomeza mgonjwa haviwafikii, hata kama vitapunguza uvimbe kwa muda.

Kwamba bakteria ndio chanzo, wala si tundu lenyewe, lilithibitishwa mwaka 1965 na watafiti wa Marekani Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, ambao walitoboa meno ya panya wa maabara hadi kwenye kiini na kuyaacha wazi. Panya wa kawaida walipata usaha na kiini chao kikafa, lakini panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote walijenga dentini mpya juu ya jeraha, ingawa chakula kiliingia humo. Kutokana na jaribio hilo inaeleweka kwa nini mfereji uliosafishwa hauachwi mtupu. Bakteria mmoja ana upana wa takriban sehemu 1 kati ya 1,000 za milimita, kwa hiyo ufa wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni barabara ambayo bakteria 100 wanaweza kupita wakiwa wamejipanga bega kwa bega. Kinachotakiwa ni kitu kitakachowafungia njia wale wa mdomoni, kitakachozuia majimaji ya taya yasipenye kwenye ncha ya mzizi na kuwalisha waliosalia, na kitakachowazika mahali walipo wale ambao dawa haikuwafikia.

Kitu kilichodumu zaidi katika kazi hiyo ni gutapecha, utomvu mkavu wa mti wa Palaquium gutta unaoota katika rasi ya Malaya, Sumatra na Borneo. Kikemia utomvu huu ni ndugu wa mpira wa kawaida, kwa kuwa yote miwili imejengwa kwa matofali yale yale ya isoprini, ila matofali hayo yamepangwa kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuufanya mmoja uvutike na mwingine uwe mgumu katika joto la mwili, ulainike kama nta ukipashwa moto kufikia nyuzi 60 hivi za Selsiasi, kisha ugande tena. Daktari William Montgomerie aliutambulisha London mwaka 1843. Mwaka 1847 Asa Hill wa Marekani aliuchanganya na madini ili kuziba matundu ya meno, na mwaka 1867 G. A. Bowman wa St. Louis akauingiza ndani ya mzizi.

Afrika Mashariki iliufahamu utomvu huo kwa njia nyingine kabisa. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliotandazwa mwaka 1879 kutoka Aden hadi Durban kupitia Zanzibar, na kuuwezesha mji huo kupokea habari za Ulaya kwa saa badala ya majuma, ulikuwa umevishwa gutapecha, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine kilichoweza kukaa ndani ya maji ya chumvi miaka mingi bila kuoza wala kupitisha umeme. Sifa hiyo ya kukaa katika unyevu bila kuharibika ndiyo inayotakiwa ndani ya mzizi. Tamaa ya kampuni za telegrafu nusura iimalize miti hiyo, kwa kuwa ilikatwa kwa maelfu ili kupata utomvu kidogo tu kwa kila mti; polithini ilipovumbuliwa katika miaka ya 1930 waya wa bahari uliachana na gutapecha, na meno yakabaki miongoni mwa wateja wake wachache.

Vijiti vya rangi ya waridi anavyovitoa daktari katika kisanduku, vyembamba kama sindano na vyenye ncha iliyochongoka, havina gutapecha nyingi kama jina linavyodai. Utomvu wenyewe ni takriban sehemu moja ya tano. Zaidi ya nusu ya kijiti, na mara nyingi theluthi mbili, ni oksidi ya zinki, ule unga mweupe uliomo pia katika krimu za upele wa watoto wachanga, na kinachobaki ni nta pamoja na chumvi za metali nzito kama bari, ambazo huwekwa ili kijiti kionekane cheupe kwenye picha ya eksirei. Bila chumvi hizo daktari asingeweza kujua kama kijiti kimefika kwenye ncha ya mzizi, kimeishia njiani au kimetokeza upande wa pili.

Dosari ya gutapecha ni moja, nayo ni kubwa: haishikamani na dentini. Hata ikilainishwa kwa moto na kushindiliwa, kama alivyofundisha Herbert Schilder wa Boston mwaka 1967, huacha mwanya mwembamba ukutani, na kwa hiyo kila kijiti hupakwa kwanza uji wa kuziba, ambao hugandia ndani ya mwanya huo. Mabishano ya madaktari kwa karibu miaka 100 yamehusu uji huo zaidi ya kijiti chenyewe.

Uji wa zamani zaidi ambao ungali unatumika sana hutengenezwa kwa kukoroga unga wa oksidi ya zinki pamoja na yujenoli, kiowevu kinachotoka katika mafuta ya karafuu na ambacho kwa kawaida huwa sehemu 70 hadi 90 kati ya 100 za mafuta hayo. Hapa mkazi wa pwani hahitaji kufafanuliwa mengi. Mkarafuu uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenea chini ya Seyyid Said, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Kule Wawi, karibu na Chake Chake, mafuta hukamuliwa kutokana na makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, ambavyo mkulima asiyejua angevitupa. Harufu inayomlaki mtu katika chumba cha daktari wa meno, na ambayo wengi huidhania kuwa harufu ya dawa za hospitali, kwa sehemu kubwa ni hiyo hiyo ya makonyo.

Bibi anayemwekea mjukuu punje ya karafuu kwenye jino lililotoboka anatumia kitu kile kile, na hakosei, kwa maana yujenoli hutuliza neva kweli. Ubaya wake ni kwamba inatuliza vizuri mno: maumivu yanaondoka, uozo unaendelea kuchimba, na mgonjwa huja kuonwa wakati kiini kimeshakufa. Ndani ya mzizi uji wa karafuu una faida ya kuwa rahisi, ya kuua vijidudu kiasi na ya kumpa daktari nafasi ya kufanya kazi kabla haujaganda, ingawa nafasi hiyo hufupishwa na joto na unyevu, na kwa hiyo huwa ndefu kidogo katika baridi ya Eldoret kuliko katika jasho la Mombasa. Hasara zake ni mbili. Huyeyuka polepole majimaji yakiufikia, na mabaki ya yujenoli huzuia utomvu wa kisasa wa rangi ya jino, ambao hutumika kufunika juu, usigande sawasawa.

Hasara hizo ziliwasukuma watafiti kwenye epoksi. Katika miaka ya 1950 André Schroeder wa Uswisi alitengeneza uji ulioitwa AH 26, ambao ni wa jamaa moja na gundi ya Araldite inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, yenye mirija miwili ya kuchanganywa. Ulishikamana vyema na dentini na haukuyeyuka kirahisi, lakini wakati wa kuganda ulitoa fomaldehidi, kemikali inayotumika kuhifadhia maiti. Mrithi wake, AH Plus, alirekebishwa ili kupunguza kasoro hiyo, na hadi leo watafiti huutumia kama kipimo cha kulinganishia uji mwingine wowote unaotokea sokoni.

Si kila kilichosifiwa kilistahili sifa. Vijiti vya fedha, vilivyopendwa tangu miaka ya 1930 kwa sababu ni vigumu na huingia kwa urahisi katika mfereji mwembamba, vilikuwa mviringo ilhali mifereji mingi si mviringo, na vilipoguswa na majimaji viliota kutu nyeusi yenye sumu kwa tishu. Kulikuwa pia na uji wenye fomaldehidi uliopigiwa debe na Angelo Sargenti, ambao ulidaiwa kuua vijidudu vyote hata mfereji usiposafishwa kikamilifu; ulipopenya nje ya ncha ya mzizi katika taya ya chini uliweza kuunguza neva na kumwacha mtu na ganzi ya kudumu ya mdomo.

Kundi la mwisho ni la vitu ambavyo mwashi angevitambua. Haidroksidi ya kalsiamu, ambayo daktari huijaza ndani ya mzizi kwa wiki moja hadi nne kati ya ziara moja na nyingine, ni chokaa iliyozimwa kwa maji, ile ile iliyojengea nyumba za matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe, na ile ile inayopakwa kwenye jani la tambuu. Ukali wake, unaofikia pH ya 12.5, huwaua bakteria wengi, na B. W. Hermann wa Ujerumani aliiingiza chokaa hiyo katika udaktari wa meno mwaka 1920. Mnamo mwaka 1993 Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, walipiga hatua nyingine na kutangaza MTA, ambayo takriban robo tatu yake ni saruji ya Portland iliyosafishwa, yaani ni ya ukoo mmoja na ile inayosagwa Athi River na Bamburi, ikiongezewa oksidi ya bismathi ili ionekane kwenye eksirei.

Saruji hupendelewa humo kwa sababu maji hayaiharibu. Maji ndiyo yanayoigandisha. Inapoganda hutoa chokaa, chokaa hiyo ikikutana na fosfati ya majimaji ya mwili hujenga fuwele zinazofanana na madini ya mfupa, na mwili huikubali kiasi cha kujenga mfupa juu yake. Kwa sababu hiyo hutumika hasa pale ncha ya mzizi ilipo wazi, kama kwa mtoto aliyevunjika jino la mbele, au pale ukuta wa mzizi ulipotobolewa kwa bahati mbaya. MTA ya mwanzo ilichukua karibu saa 3 kuganda, na bismathi yake iliweza kulifanya jino liwe la kijivu. Biodentine, iliyofuata, inaelezwa na watengenezaji kuwa huganda kwa dakika 12 hivi na hutumia oksidi ya zirkoni badala ya bismathi. Mfuko wa saruji wa dukani hauwezi kuchukua nafasi yao, kwa kuwa chembe zake ni kubwa, haukuchujwa metali zenye sumu kama aseniki, na eksirei haiuonyeshi vizuri.

Siku hizi saruji hiyo huuzwa pia ikiwa uji laini ndani ya sindano, unaogandishwa na unyevu wa dentini yenyewe, na bei yake huwashtua wagonjwa. Majaribio yaliyoulinganisha na uji wa epoksi kwa wagonjwa hayajaonyesha tofauti kubwa ya kupona, na jambo hilo lingefaa kutajwa zaidi ya linavyotajwa. Tena saruji ikishaganda ni vigumu kuichimbua endapo matibabu yatahitaji kurudiwa, ilhali gutapecha, mzee wa mwaka 1867, hulainishwa kwa moto au kiyeyushi na kutolewa.

Wala hakuna uji unaoweza kufidia mfereji mchafu. Kiowevu kinachosafishia, haipokloriti ya sodiamu, ni kile kile kilichomo katika Jik ya kufulia, kikiwa kimepimwa nguvu, na daktari makini hulitenga jino kwa kipande cha mpira ili mate yasiingie wakati wa kazi. Baada ya hapo hatari huhamia juu. Mwaka 1995 Ray na Trope walichunguza picha za eksirei za meno 1,010 yaliyotibiwa mizizi, na wakakuta kwamba ubora wa kizibo cha juu ulihusiana zaidi na afya ya mfupa kuliko hata ubora wa ujazo wa mzizi. Mgonjwa ambaye maumivu yamekwisha huona safari ya pili, ya kuvisha gego kofia, kuwa gharama isiyo na sababu, huku kizibo cha muda, ambacho mara nyingi ni oksidi ya zinki na yujenoli tu, kikiwa kimekusudiwa kukaa wiki chache. Kinapoanza kulika pembeni, mate hushuka hadi kwenye gutapecha kimya kimya, na jino lisilo na neva halina namna ya kumwambia mwenyewe.