MKASI WA KINYOZI WA MBWA: KWA NINI MAKALI PEKE YAKE HAYATOSHI

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kwa kisu, usemi huo hauna ubishi. Kwa mkasi, usemi huo ni nusu tu ya ukweli. Mkasi waweza kuwa na mabapa mawili makali kama wembe na bado ukashindwa kukata uzi mmoja. Na mwingine, wenye makali ya wastani, ukakata kitambaa kizima bila kukwama. Ipo sababu ya kisayansi ya jambo hilo, nayo huonekana waziwazi sana katika kazi ya kutengeneza manyoya ya mbwa.

Kazi hiyo ni ufundi kamili katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani, na siku hizi hupata wateja hata katika miji kama Nairobi. Huenda msomaji akaiona kuwa ni anasa tupu. Lakini wapo mbwa, kama wale wa aina ya poodle, ambao manyoya yao huendelea kukua kwa muda mrefu pasipo kupukutika kwa wingi. Yasipochanwa na kupunguzwa, hujisokota na kushikamana mpaka kwenye ngozi. Chini ya manyoya hayo unyevu hukaa, kupe hujificha, na vidonda hutokea bila ya mwenye mbwa kujua. Kwa hiyo kuyapunguza ni sehemu ya afya ya mnyama.

Kinyozi wa mbwa hufungua na kufunga mkasi wake mara maelfu kwa siku moja, karibu na macho na masikio ya mnyama asiyekubali kutulia. Akichagua mkasi usiofaa, hasara huwa tatu: ngozi ya mnyama hukatwa, mkono wa fundi huumia, na fedha hupotea. Katika makala haya tutaeleza kanuni ambazo fundi huyo hana budi kuzifuata, nazo ni zile zile zinazofundishwa katika somo la fizikia.

Mkasi ni nyenzo mbili

Mkasi ni nyenzo mbili za daraja la kwanza zilizounganishwa kwenye egemeo moja, yaani skurubu. Jitihada ya mkono iko upande mmoja wa egemeo, na mzigo, yaani kitu kinachokatwa, uko upande wa pili. Tukichukulia kwamba hakuna msuguano, jitihada mara umbali wake kutoka kwenye egemeo ni sawa na kani ya kukata mara umbali wake kutoka kwenye egemeo hilo.

Tuchukue mfano. Fundi abana kwa kani ya nyutoni 20, na vidole vyake viko sentimeta 12 kutoka kwenye skurubu. Ikiwa manyoya yako sentimeta 3 kutoka kwenye skurubu, kani ya kukata ni 20 × 12 ÷ 3, yaani nyutoni 80. Ikiwa manyoya yako karibu na ncha, sentimeta 15 kutoka kwenye skurubu, kani hiyo ni 20 × 12 ÷ 15, yaani nyutoni 16 tu. Kwa jitihada ile ile, ncha ina moja ya tano ya kani iliyoko karibu na egemeo.

Hapa twaona kwa nini mkasi wa kukatia bati una mabapa mafupi na mikono mirefu, ilhali mkasi wa kinyozi una mabapa marefu. Bati lataka kani kubwa. Manyoya hayataki kani kubwa. Yataka mkato mrefu ulionyooka, ili uso wa manyoya uwe laini bila ngazi. Fundi hutoa kani ili apate urefu. Lakini kwa kuwa kani kwenye ncha ni ndogo, hapana budi mabapa yakutane kwa usahihi mkubwa mno huko kwenye ncha. Hilo latufikisha kwenye kiini cha jambo.

Mahali mabapa yanapokutana

Kisu hukata kwa makali yake peke yake. Mkasi hukata kwa kukata manyoya kati ya kingo mbili zinazopishana zikiwa zimegusana. Unywele wa binadamu una unene wa kiasi cha milimeta 0.05 hadi 0.1, na manyoya ya mbwa wengi hayatofautiani sana na kipimo hicho. Pakiwapo nafasi ya ukubwa huo baina ya mabapa, unywele haukatwi, bali hupinda na kulala ndani ya nafasi hiyo. Mabapa hufunga, unywele hubanwa, na fundi akivuta mkono, mbwa huumia na kuruka. Mkasi huo waweza kuwa na makali yasiyo na kasoro yoyote.

Ili kuzuia nafasi hiyo, mtengenezaji hupinda kila bapa kidogo sana kuelekea lenzake. Ukiufunga mkasi mzuri na kuutazama ubavuni dhidi ya mwanga, utaona uwazi mwembamba kama uzi katikati ya mabapa, nazo ncha zimegusana. Uwazi huo haukutokea kwa bahati mbaya. Mkasi unapofungwa, mabapa hukandamizana kama chemchemi, na wakati wowote hugusana mahali pamoja tu penye kukata, mahali ambapo huhama kutoka karibu na skurubu mpaka kwenye ncha.

Skurubu nayo ina kazi yake. Fundi huipima hivi: huushika mkasi kwa pete moja, ncha zikielekea juu, huinua pete ya pili mpaka mabapa yafanye pembe mraba, kisha huiachia. Bapa likianguka lote na kufunga, skurubu imelegea, na manyoya yatapinda. Bapa likibaki palepale, skurubu imekaza mno; fundi atatumia nguvu bure na makali yatasagana. Inafaa bapa lishuke kiasi, kisha lisimame lenyewe.

Mkono pia husaidia kukutanisha mabapa. Mkasi wa mkono wa kulia umeundwa hivi kwamba kidole gumba kikisukuma na vidole vingine vikivuta, mabapa hukandamizana. Mkasi huo huo ukishikwa kwa mkono wa kushoto, kani hizo huyatenganisha. Ndiyo sababu mwanafunzi anayetumia mkono wa kushoto hutafuna karatasi badala ya kuikata, na huenda akalaumiwa kwa uzembe. Kosa si lake. Ni la zana. Mkasi wa mkono wa kushoto ni kama taswira katika kioo ya ule wa kulia: bapa lililokuwa juu huwa chini.

Unywele unaokimbia

Kila aliyekata kitu cha mviringo kwa mkasi ameona kinavyoteleza kuelekea nchani. Mabapa yaliyo wazi hufanya pembe kama herufi V, na kila bapa hukisukuma kitu hicho nje. Kinachokizuia ni msuguano. Tukisema mgawo wa msuguano ni 0.2, pembe ya msuguano ni kiasi cha nyuzi 11. Basi kitu kitashikwa ikiwa pembe kati ya mabapa haizidi mara mbili ya hiyo, yaani kiasi cha nyuzi 22. Pembe ikizidi hapo, kitu hukimbia. Manyoya yakikimbia, mstari wa mkato hupinda.

Watengenezaji wana njia mbili za kulikabili jambo hilo. Ya kwanza ni makali yaliyochongwa kwa mshazari, ambayo mara nyingi hutiwa meno madogo sana kwenye bapa moja. Meno hayo hushika unywele usikimbie. Mkasi wa namna hii ni mvumilivu, hufaa manyoya magumu na mazito, na bei yake huwa nafuu. Ya pili ni makali ya mbinuko, ambayo upande wake wa nje umeviringika taratibu mpaka ukingoni, na upande wa ndani umechimbwa kidogo. Makali hayo ni membamba na hukata kwa ulaini mkubwa, lakini huharibika upesi na huhitaji mnoaji aliyesomea kazi hiyo. Akipewa mnoaji wa visu mwenye jiwe la kuzunguka, ule mviringo hufutika kwa dakika chache, na joto likizidi ugumu wa pua hupungua.

Pua ya mkasi

Chuma kitupu ni laini mno kwa kazi hii. Kikitiwa kaboni kidogo, kikapashwa moto na kupozwa ghafla, huwa pua ngumu. Kisha hupashwa tena kwa moto wa wastani ili kisivunjike kama kioo. Katika mwaka wa 1913 Harry Brearley, akitafiti mitutu ya bunduki mjini Sheffield, Uingereza, alitengeneza pua yenye kromi kiasi cha asilimia 12.8 ambayo haikushika kutu kwa urahisi. Leo pua ya namna hiyo hutakiwa kuwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba sana unaoikinga pua. Kwa kinyozi wa mbwa, anayefanya kazi karibu na maji na sabuni, faida yake haina haja ya maelezo.

Ugumu wa pua hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C. Mikasi ya kazi hii huwa na ugumu wa kiasi cha 55 hadi 62. Mgumu zaidi hudumu na makali kwa muda mrefu, lakini ukianguka sakafuni huweza kumeguka. Ulio laini kidogo hupoteza makali mapema, lakini hunoleka kwa urahisi. Kwa hiyo anayejifunza kazi hana sababu ya kununua ulio mgumu kupita yote.

Kuna adui mmoja anayeshinda pua zote hizo, naye ni mchanga. Chembe nyingi za mchanga ni kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko pua ya mkasi. Manyoya yenye vumbi hula makali kama tupa. Ndiyo maana mkasi wa kumalizia hauguswi mpaka mbwa ameogeshwa, amekaushwa na kuchanwa.

Umbo kwa kazi yake

Hakuna mkasi mmoja ufaao kazi zote. Mwili na miguu huhitaji mkasi mrefu ulionyooka, wa inchi 7 hadi 10. Kichwa na sehemu za mviringo huhitaji uliopinda. Uso na nyayo huhitaji mfupi, wa inchi 4 au 5, wenye ncha butu kama punje, ili mnyama akishtuka asichomwe. Uko pia mkasi ambao bapa lake moja lina meno kama kitana: huo hukata manyoya yaliyo kwenye meno tu na kuyaacha yaliyopita katikati, hivyo hupunguza wingi na kufuta alama za mkato.

Iko kazi moja ambayo mkasi haupaswi kuifanya: kuondoa manyoya yaliyoshikamana karibu na ngozi. Manyoya hayo huivuta ngozi juu, nayo huingia katikati ya mabapa bila fundi kuiona. Tabaka la nje la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko la binadamu, na jeraha huwa kubwa. Kazi hiyo ni ya kitana au mashine ya kunyolea.

Mwisho kabisa ni mkono wenyewe. Fundi hodari husogeza kidole gumba peke yake; bapa la pili hutulia na kuongoza mstari. Pete zikiwa kubwa mno au ndogo mno, au mikono ya mkasi ikilazimisha kifundo kupinda siku nzima, neva inayopita kwenye kifundo hubanwa, vidole hufa ganzi, na huenda fundi akaiacha kazi. Basi mkasi hupimwa mkononi kabla ya kutazamwa bei.

Majaribio ya darasani

1. Chukua mkasi wowote na kamba ya katani. Kata kamba karibu na skurubu, kisha karibu na ncha. Linganisha jitihada uliyotumia, na ueleze tofauti kwa kanuni ya momenti.

2. Lowesha karatasi laini ya chooni na uikate kwa urefu wote wa bapa. Mahali itakapopinda badala ya kukatika ndipo mabapa yasipokutana vizuri.

3. Kata karatasi hiyo kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, ukitumia mkasi ule ule uliolegea skurubu. Chora mishale kuonyesha kani za vidole katika kila hali.

4. Fungua mkasi kwa pembe kubwa na ujaribu kukata kalamu ya risasi ya mviringo. Punguza pembe kidogo kidogo mpaka kalamu iache kuteleza. Pima pembe hiyo, kisha utafute mgawo wa msuguano kati ya pua na kalamu.

Mwanafunzi atakayeyafanya majaribio haya manne hatadanganywa na mng'aro wa mkasi dukani. Ataufunga, ataunyanyua kwenye mwanga, na kutazama kama ncha zimegusana.