Kabla ya kuuza ng'ombe, uliza kozi hiyo imeidhinishwa na nani

MATOKEO ya mtihani wa kidato cha nne yakishatangazwa, matangazo ya vyuo huchipuka kama uyoga baada ya mvua. Huyaona yamebandikwa kwenye vituo vya matatu, kwenye miti na kwenye nguzo za stima. Kozi za uuguzi, za maabara, za famasia, na siku hizi kozi ya msaidizi wa daktari wa meno. Nafasi ni chache, alama yoyote inakubaliwa, kazi i tayari ukimaliza. Chini kabisa imeandikwa nambari ya simu.

Tuseme, msomaji, kwamba wewe unaishi Nairobi lakini kwenu ni Matinyani, kule Kitui Magharibi. Jioni moja ndugu yako anakupigia simu. Binti yake amepata nafasi katika chuo kimoja, atasomea mambo ya meno, na karo ya muhula wa kwanza inatakiwa kabla ya Ijumaa. Yeye atauza ng'ombe mmoja na mbuzi watatu. Wewe, kwa kuwa unapokea mshahara, umeombwa uongeze kilichobaki.

Ukiwa mtu wa Ukambani wajua uzito wa maneno hayo. Mvua inayotegemewa huko ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na matokeo ya KCSE hutoka wakati ambapo mbaazi na pojo zingali shambani na ghala halijajaa. Mvua ikikosa, ng'ombe ndiye benki ya mwisho. Akishauzwa, hakuna mwingine wa kuuza mwaka ujao endapo itabainika kwamba cheti cha binti hakitambuliwi na mtu yeyote.

Kwa hiyo kabla hujamtumia ndugu yako pesa, mwulize swali moja tu. Kozi hiyo imeidhinishwa na nani? Wala asikujibu kwamba chuo kina leseni. Leseni ya chuo ni jambo moja, na idhini ya kozi ni jambo lingine. Wazazi wengi huliwa pesa zao katika pengo lililo kati ya mambo hayo mawili.

Hebu tulieleze jambo hili pole pole, maana serikali yenyewe imelifanya liwe na milango mingi kuliko inavyofaa.

Mlango wa kwanza ni TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi. Iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013, na chuo chochote cha mafunzo ya kiufundi, kiwe cha serikali au cha mtu binafsi, ni lazima kisajiliwe nayo kabla ya kupokea mwanafunzi hata mmoja. Wakaguzi wake huangalia majengo, vyoo, karakana na vifaa, na huuliza walimu wenyewe wana vyeti gani. Pia huuliza mtaala umetoka wapi na mtihani wa mwisho utatungwa na nani. Chuo hupewa hati yenye nambari, na kozi kinazoruhusiwa kufundisha hutajwa kwa majina. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Chuo chaweza kuwa na hati halali kabisa ya kufundisha ususi, upishi na kompyuta, kisha mwenyewe akaongeza kozi ya meno kwenye bango kwa kuwa jirani yake ameiongeza. Hati iliyotundikwa ukutani ni ya kweli, lakini kozi haimo.

Mlango wa pili ni baraza la taaluma. Kazi za afya nchini Kenya zina mabaraza yake, kila moja na sheria yake. Wauguzi wana lao, maafisa wa kliniki wana lao, watu wa maabara wana bodi yao, na wauza dawa wana yao. Mambo ya meno yako chini ya KMPDC, yaani Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo linatokana na sheria iliyoanza kutumika Januari 1978. Kwa muda mrefu liliitwa bodi, mpaka sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2019 likawa baraza. Mbali na madaktari wa meno, baraza hilo huwasajili pia maafisa wa afya ya kinywa, wale wanaopatikana katika hospitali za kaunti wakisafisha meno, wakiziba matundu, wakin'goa yaliyooza na kwenda shuleni kuwafunza watoto kupiga mswaki.

Baraza hutazama mambo ambayo mkaguzi wa majengo hawezi kuyaona. Kuna viti vingapi vya meno, na ni wanafunzi wangapi watakaogawana kiti kimoja? Kuna mtambo wa mvuke wa kuulia viini, na je, unafanya kazi au umewekwa pale kama pambo? Wanafunzi watafanyia mazoezi katika hospitali gani, na hospitali hiyo imekubali kwa maandishi? Nani atawasimamia? Ikiwa kuna mashine ya eksirei, yenyewe inahitaji kibali cha idara nyingine tena, ile inayosimamia mambo ya miale ya nyuklia.

Usidhani huo ni urasimu mtupu. Fikiria kazi yenyewe ya msaidizi wa daktari wa meno. Ndiye anayempokea mgonjwa na kumkalisha kitini, akachanganya dawa ya kuzibia, akashika mpira wa kunyonya mate, akampa daktari chombo baada ya chombo. Mgonjwa akiondoka, yeye ndiye anayekusanya koleo na sindano zenye damu. Asipojua kuzisafisha ipasavyo, mgonjwa anayefuata anaweza kuondoka na ugonjwa wa ini wa aina ya B, au hata virusi vya Ukimwi, badala ya nafuu aliyoijia. Na msaidizi mwenyewe akijichoma kwa sindano, na hakufundishwa la kufanya katika saa za kwanza, hatari ni yake. Mambo hayo hayafundishwi ubaoni peke yake katika chumba kimoja juu ya duka la viatu.

Wazee wa Ukambani hawangeshangaa kusikia kwamba meno si ya kuguswa na kila mtu. Zamani Wakamba walikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele yakawa na ncha, na kazi hiyo ilifanywa kwa patasi ndogo na watu walioijua. Waliochongwa waliishi pale pale kijijini na watu wakawaona, kwa hiyo fundi mbaya hakuhitaji kufungiwa na wakaguzi. Leo anayekuwekea mkono kinywani hukumjua jana, wala hujui alisomea wapi. Baraza ndilo linalosimama mahali pa macho ya kijiji.

Je, chuo halali cha kusomea mambo haya kipo wapi? Kwa kazi ya afisa wa afya ya kinywa, na pia ya fundi wa kutengeneza meno bandia, mahali panapojulikana zaidi ni chuo cha serikali cha mafunzo ya udaktari, KMTC, katika tawi lake la Nairobi lililo karibu na Hospitali ya Kenyatta. Diploma huchukua miaka mitatu. Mji wa Kitui una tawi la KMTC pia, na watu wa Matinyani hulifikia bila taabu, lakini usidhani kwamba kila tawi lina kila kozi. Mtu akikwambia binti atasomea meno Kitui kwa sababu KMTC ipo Kitui, mwulize akuonyeshe kozi hiyo katika orodha ya tawi hilo.

Kuhusu alama, kwa miaka mingi KMTC imetaka wastani wa C kwa diploma, pamoja na alama maalum katika masomo kama Baiolojia na lugha. Hapo ndipo vyuo vya matangazo vinapopata wateja. Mtoto aliyepata D hawezi kuingia huko, na mzazi hataki kusikia hivyo. Anapoambiwa kuna mlango wa nyuma, hauulizi unaelekea wapi. Nawaelewa wazazi hao, lakini mwenye chuo pia anawaelewa, na ndiyo maana aliliandika bango lake vile alivyoliandika.

MSAIDIZI AU AFISA?

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi. Afisa wa afya ya kinywa na msaidizi wa kiti si mtu mmoja. Wa kwanza amesomea diploma, jina lake limo katika daftari la baraza na anaruhusiwa kumtibu mgonjwa kwa kiwango chake. Wa pili humsaidia daktari, na hapa kwetu wengi wao wamejifunzia kazi ile katika kliniki walikoajiriwa. Si kazi ya kudharauliwa. Kliniki nyingi za Nairobi na Mombasa haziwezi kuendeshwa bila wao.

Lakini chuo kikiuza kozi ya miezi sita ya usaidizi kwa bei ya diploma, huku mtoto akiaminishwa kwamba atatoka akiwa daktari mdogo wa kung'oa meno, huo ni wizi. Njia ya kuwatofautisha ni kuuliza hivi: mwanangu akimaliza, jina lake litaingia katika daftari la baraza gani? Kama jibu ni KMPDC, piga simu barazani uulize, maana daftari la baraza si siri na orodha zake ziko wazi kwa umma. Kama jibu ni kwamba hakuna daftari, basi mnanunua ujuzi wa kusaidia, na bei yake iwe ya ujuzi wa kusaidia. Kama jibu ni maneno mengi, vaa viatu uondoke.

Si sisi peke yetu tunaohangaika na jambo hili. Kule Marekani kila jimbo lina sheria yake. Katika majimbo mengine msaidizi wa meno huanza kazi bila cheti chochote akafunzwa na daktari mwenyewe. Katika mengine, kama California, bodi ya meno ya jimbo huidhinisha mafunzo ya msaidizi anayetaka kusajiliwa, na hawezi kupiga eksirei bila kuthibitishwa. Sisi angalau tuna sheria moja kwa kaunti zote 47. Wenzetu wa Tanzania nao wana utaratibu ninaoutamani: baraza lao la vyuo vya ufundi hutoa kitabu cha mwongozo wa kujiunga, kikionyesha chuo, kozi, sifa za kuingia na idadi ya nafasi. Mzazi wa kijijini hufungua ukurasa tu.

Na usifikiri kwamba chuo kikubwa hakiwezi kukuingiza katika shimo hili. Wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton walimaliza masomo yao, wakapewa shahada, kisha bodi ya wahandisi ikakataa kuwasajili kwa hoja kwamba kozi yao haikuwa imeidhinishwa nayo. Walikwenda kortini, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ambako iliamuliwa mwaka wa 2018. Hao walikuwa watu wa chuo kikuu cha serikali, wenye mawakili. Binti wa Matinyani aliyesoma katika chumba cha kukodi atamshtaki nani, ikiwa bango limekwisha kung'olewa na simu haishikwi?

Sheria ya afya ya mwaka wa 2017 ilileta pia mamlaka ya kuyasimamia mabaraza yote ya afya ili yafanye ukaguzi kwa pamoja na yasigombane. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo mwenye kuuza ng'ombe bado ndiye anayelazimika kuzunguka kutoka ofisi hadi ofisi, na ofisi nyingi ziko Nairobi.

Hapa ndipo wewe msomaji wa mjini unapohitajika. Ndugu yako hawezi kupanda basi kutoka Kitui kwa ajili ya swali la dakika tano. Wewe unaweza. Chukua jina kamili la chuo, jina kamili la kozi na nambari ya hati yake. Linganisha na orodha ya TVETA. Uliza KMPDC. Nenda chuoni siku ya kazi, bila kutoa taarifa, na uombe kuonyeshwa kiti cha meno. Si picha ya kiti, kiti chenyewe. Zungumza na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho nje ya lango na umwulize ni hospitali gani walikopelekwa kwa mazoezi.

Kuhusu malipo, KMTC imewaonya watu mara nyingi juu ya barua bandia za kuitwa chuoni. Nafasi zake siku hizi hutolewa kupitia KUCCPS, na karo haitumwi kwa simu ya mtu binafsi hata kama anajiita msajili. Ukiambiwa utume ada ya kushikilia nafasi kwa nambari yenye jina la mtu, usitume.

Na kama karo ilikwisha kulipwa na mtoto yuko mwaka wa pili? Usimwondoe kwa hasira. Kusanya stakabadhi zote, barua ya kuitwa na nakala ya tangazo lililowavutia, kisha peleka malalamiko TVETA kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Uliza pia kama masomo aliyokwisha kufanya yanaweza kuhesabiwa katika chuo kilichoidhinishwa. Vyuo vingine hukubali sehemu, vingine humrudisha mwanzo. Ni afadhali kujua hayo sasa, angali na mwaka mmoja wa karo ambao haujalipwa.