Kuitembelea Serengeti kwa Pesa Kidogo: Anzeni Mugumu



Tumepokea suali kutoka kwa familia moja ya Pemba. Binti yao ameolewa Tarime, mkoani Mara, na huu ni mwaka wa tatu hawajaonana naye. Wanataka kwenda kumtazama skuli zikifungwa mwezi wa Juni. Wadogo zake wamesikia kuwa Serengeti iko jirani na kwa dada yao, basi usingizi hawana tena. Wazee wanauliza mambo mawili: je, si israfu kutumia pesa kwenda kutazama wanyama? Na kama si israfu, mtu mwenye duka dogo la mtaani anaiweza safari hiyo?

La kwanza tutalijibu kwa ufupi. Kutembea katika ardhi na kuwazingatia viumbe wa Allah (Subhanahu wa Ta'ala) ni jambo la halali, na Qur-aan imelitaja zaidi ya mara moja. Isitoshe, asili ya safari yenu ni kuunga udugu, na hiyo ni ibada. Israfu inakuja pale pesa inapotoka mahali penye haki ya mtu: deni lililofika muda wake, ada ya skuli, dawa ya mgonjwa wa nyumbani. Na kuna jambo zito kuliko israfu. Siku hizi watu wanakopa kwa simu, au kwa wale wakopeshaji ambao mikopo yao bara wanaiita kausha damu, ili tu watoto nao waonekane wametembea. Hiyo ni riba, na haiwi halali kwa sababu mlikwenda kumtazama mwanenu. Kama kibubu hakijatosha, ngojeni mwaka mwengine. Nyumbu wanarudi kila mwaka.

La pili ndilo lenye maneno mengi, kwani wengi wetu visiwani tukisikia Serengeti tunafikiria Arusha: gari la kufunguka juu, kambi za mahema na hesabu za dola. Njia hiyo ipo, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya mfuko wetu. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya hifadhi, ni zaidi ya kilomita 300, na njiani mnapita Ngorongoro, ambako mnatoa kiingilio hata kama mnapita tu. Nyinyi mnakwenda Mara, na Mara ni mlango wa upande wa pili. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ni mji wa kawaida wenye soko, msikiti na nyumba za wageni za bei ya mwananchi. Kutoka hapo hadi lango la Ikoma ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na toka langoni hadi Seronera hakuna umbali wa kuchosha watoto. Mnalala Mugumu, mnaingia asubuhi na mapema, mnatoka jioni. Kwa hivyo hamlipi ada ya kulala ndani ya hifadhi, wala bei za hoteli za ndani.

Sasa hesabu ya langoni. Raia wa Afrika Mashariki hatozwi kama mgeni. Kiwango cha TANAPA kwa Serengeti kimekuwa kama shilingi 10,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15. Aliye chini ya hapo anaingia bure. Chukueni baba, mama na watoto wanne wa miaka 14, 11, 8 na 4. Wazee ni 20,000, watoto watatu ni 6,000, mdogo halipiwi. Jumla ni 26,000 kwa nyumba nzima. Wapo watu hapa Unguja wanaotumia zaidi ya hizo kwa usiku mmoja wa Forodhani katika sikukuu! Lakini ulizieni kiwango kabla hamjaondoka, na mchukue vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu bei hiyo ni ya raia na itabidi uraia wenu uonekane. Langoni hawapokei noti mkononi. Mnapewa namba ya malipo mnalipa kwa simu au benki, hivyo pesa iwe tayari kwenye simu na simu iwe na chaji.

Kinachokula pesa ni gari. Gari linakodiwa kwa siku nzima na halihesabiwi kwa vichwa, na bei yake inafika laki kadhaa. Watu wawili wakilikodi, kila mmoja anaumia. Wakilijaza watu sita au saba, linabebeka. Ndiyo maana tunakushaurini mumwambie mkwe wenu mapema atafute familia nyengine ya kuchangia, watu wa msikitini kwao au majirani. Wengi wanaoishi Tarime miaka yote hawajaingia hifadhini hata siku moja, na sababu ni hiyo hiyo ya gari. Liwe gari la juu, lenye nguvu za magurudumu yote manne, na dereva awe anaijua hifadhi. Gari dogo la mjini litakurudisheni njiani.

Hapa tuna kisa chetu wenyewe. Tulipokwenda, tulipatana na mwenye gari kwa simu tu, tukatanguliza nusu ya pesa. Gari lilikuja, na zuri, lakini kufika langoni dereva akasema kiingilio cha gari na chake yeye ni juu yetu, na mafuta tuliyolipia ni ya kufikia Seronera tu, si ya kuzunguka. Tukapiga simu, tukabishana, jua likapanda. Tulipoingia ilikuwa karibu na saa tano, simba wamekwishajilaza vivulini na watoto wamenuna. Gari lenye namba za Tanzania linalipa kwa shilingi, kwa kadiri ya uzito wake. Si pesa ya kutisha, lakini tungelijua usiku wake tusingelipoteza asubuhi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan inahusu kuandikiana katika mambo ya pesa, na sisi tuliokuwa tukiisomesha tulikubaliana kwa mdomo. Andikeni, hata kwa ujumbe wa simu: nani analipia gari langoni, nani dereva, mafuta ya wapi hadi wapi, saa ya kuondoka na saa ya kurudi.

Watoto watakuulizeni juu ya nyumbu wanaovuka mto penye mamba. Kwa kawaida mwezi wa Juni makundi huwa upande wa magharibi, kuelekea Mto Grumeti, na kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, Kogatende na Lamai, huko huko upande wa Tarime. Ila kuvuka Mto Mara hakuna saa wala siku ya miadi. Wenye pesa wanakaa siku tatu wakingoja ukingoni. Msinunue tamaa hiyo. Bonde la Seronera lina simba, tembo, twiga na viboko mwaka mzima, na kwa mtoto aliyezoea komba na kima punju hiyo ni siku ya kutosha. Mto Mara wenyewe mtauona bure: basi la Musoma kwenda Tarime linapita juu yake kwenye daraja la Kirumi. Waamsheni watoto wakilala.

Anayepitia Arusha kwa shughuli nyengine ajue pia kuwa yapo mabasi ya abiria yanayokwenda Musoma kwa kukatiza Ngorongoro na Serengeti na kutokea Ikoma. Mnalipa viingilio vyote viwili juu ya nauli, na basi halisimami kwa ajili ya pundamilia. Kwa mtu mmoja ni njia rahisi ya kuona kitu. Kwa mwenye watoto wadogo hatuisifu.

Kuhusu swala, kuna mambo matatu ambayo kalenda ya nyumbani haitakuambieni. Mugumu iko magharibi zaidi kuliko Zanzibar kiasi cha Adhuhuri kuingia kama dakika 18 nyuma ya kwetu, na mwezi wa Juni Magharibi inachelewa zaidi ya hapo. Mwenye kufunga sunna asifungue kwa saa ya Unguja. Pili, kibla cha huko ni kaskazini kwa kuegemea mashariki kidogo. Tatu, ndani ya hifadhi hamruhusiwi kushuka garini popote mnapotaka. Mahala pazuri pa kula na kuswali ni kituo cha wageni cha Seronera, ambapo pana vyoo na maji. Adhuhuri na Alasiri mnaweza kuzikusanya na kuzipunguza hapo, maadamu mngali wasafiri. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, aliyenuia kukaa kwa mkwewe siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, anaswali kamili.

Chakula pikeni Mugumu alfajiri mkichukue: wali, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji. Bei za ndani si za kwetu. Mkila mjini na mkawa na shaka na nyama, sato wa ziwani wapo tele. Nyamapori mkikaribishwa, ulizeni kwanza ni mnyama gani, nani kamchinja na kama imeuzwa kwa kibali. Ngiri ni katika jamii ya nguruwe, na kuwinda bila kibali ni kesi ya jela.

Na akina mama mtusikilize kwenye nguo. Hifadhini kuna mbung'o, na mbung'o anaifuata rangi nyeusi na buluu. Buibui jeusi linamwita. Vaeni baibui la kijivu au la rangi ya udongo, pana na zito, na mchukue masweta ya watoto, kwani Tarime na Mugumu ziko juu na alfajiri ya Juni ina baridi ambayo Pemba hatuijui.