Saratani Kali ya Damu: Matibabu Yake na Msaada wa Mgonjwa kwa Mgonjwa

Saratani ya damu, ambayo wataalamu huiita lukemia, huanzia katika uloto, yaani ute laini uliomo ndani ya mifupa. Uloto ndio kiwanda cha damu. Humo hutengenezwa chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Katika lukemia kali, chembe changa hushindwa kukomaa, lakini huendelea kuzaana hadi zikakijaza kiwanda chote.

Dalili zake

Chembe nyekundu zikipungua, mgonjwa huchoka na viganja vyake huwa vyeupe. Chembe nyeupe timamu zikikosekana, homa humrudia mara kwa mara. Chembe sahani zikipungua, damu humtoka puani au katika fizi. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria ni ya kawaida, homa na upungufu wa damu hudhaniwa upesi kuwa malaria. Iwapo kipimo hakionyeshi malaria, au dawa imemalizwa na homa ikarudi, yafaa chembe za damu zihesabiwe. Hesabu hiyo huzusha shaka tu. Kinachothibitisha ugonjwa ni uchunguzi wa uloto uliochotwa katika mfupa wa nyonga.

Njia za matibabu

Lukemia kali ziko za namna mbili kuu. Ya limfu huwapata zaidi watoto, nayo hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Mojawapo ni vinkristini, iliyopatikana katika ua la bustani lenye asili ya Madagaska. Nyingine, methotreksati, hupigwa pia sindano mgongoni ili ifike kwenye ubongo. Matibabu huchukua miaka 2 hadi 3. Lukemia ya mieloidi, iliyo nyingi zaidi kwa watu wazima, hutibiwa kwa miezi michache lakini kwa dawa kali, kama sitarabini na daunorubisini. Baadhi ya wagonjwa huhitaji kupandikizwa uloto wa mtu mwingine. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa.

Nafuu si kupona

Mwaka 1948, huko Boston, Marekani, daktari Sidney Farber alieleza jinsi dawa ya aminopterini ilivyowapa watoto nafuu. Baada ya miezi michache ugonjwa ulirudi. Sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Ugonjwa unapogunduliwa, mwili waweza kuwa na chembe mbaya zipatazo 1 ikifuatiwa na sufuri 12. Dawa ikiua 99 katika kila 100, bado hubaki 1 ikifuatiwa na sufuri 10. Mgonjwa hula, hucheka na kutembea. Hata darubini yaweza isizione chembe hizo. Ni sawa na shamba la pamba lililopaliliwa mara moja: juu ni safi, mizizi ya magugu imo ardhini.

Hapo ndipo wengi huacha matibabu. Mkazi wa Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela, aweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando kwa daladala. Mgonjwa wa Ukerewe hana budi kuvuka ziwa kwanza, na kila safari ina nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea. Pasipo nyumba ya ndugu mjini, mtu anayejiona mzima huuliza anasafiri kwa ajili gani.

Msaada wa wenzake

Jibu la swali hilo hupokewa vizuri zaidi kutoka kwa aliyepita njia hiyo. Mzazi ambaye mtoto wake amemaliza matibabu humweleza mwenziwe kwamba nywele huota tena, na kwamba vidonda vya kinywani hupona. Humkumbusha pia kwamba homa wakati wa matibabu haisubiri asubuhi: mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Huko Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha huwasaidia watoto wanaotibiwa saratani Muhimbili, pamoja na familia zao.

Hata hivyo, mwenzi si daktari. Kipimo cha dawa cha mgonjwa mmoja hakimfai mwingine, na dawa za mitishamba zisitumiwe pasipo kumwarifu daktari, kwani baadhi yake hupingana na zile za hospitali.

Wajibu wa shule

Lukemia haiambukizi. Mwanafunzi anayerudi darasani bila nywele aketi na wenzake kama zamani, ila mwenye mafua au surua asimkaribie, kwa kuwa kinga yake ni dhaifu. Mwalimu aweza kumtunzia masomo ya siku za kliniki, ili asilazimike kuchagua kati ya shule na dawa. Walimu, na wanafunzi waliotimiza miaka 18, waweza kuchangia damu. Chembe sahani huhifadhiwa kwa siku zipatazo 5 tu. Kwa hiyo zinahitajika mwaka mzima.