Kamba ya Kuruka na Uzito Usiorudi

Kuruka kamba, ambako wengi hukufahamu kama mchezo wa wasichana uwanjani na zoezi la mabondia wanaojiandaa kwa pambano, ni miongoni mwa mazoezi yanayotumia nguvu nyingi kwa muda mfupi. Nguvu hiyo hupimwa kwa kilokalori, kipimo kilekile kinachoeleza nguvu iliyomo katika chakula. Mtu mwenye kilo 70 akiruka mara 100 hadi 120 kwa dakika hutumia takribani kilokalori 14 kila dakika, karibu sawa na anayekimbia kilomita 11 kwa saa.

Hata hivyo, hesabu hiyo isimlevye mtu. Soda ya nusu lita ina takribani kilokalori 210, kwa hiyo dakika 15 za kuruka, ambazo anayeanza hawezi kuzimaliza bila kutweta na kusimama mara kadhaa, hufutwa na chupa moja. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi karibu kilokalori 7,700, na kuiyeyusha kwa kamba peke yake kungehitaji zaidi ya saa tisa za kuruka. Wanaojifunga nailoni tumboni ili watoke jasho zaidi hupoteza maji, nayo hurudi mara wanapokunywa. Uzito hupunguzwa hasa na kipimo cha ugali, wali, mafuta ya kupikia na sukari ya chai.

Thamani kubwa ya kamba huonekana baadaye, uzito ukishapungua, kwa kuwa mwili haukubali upesi kupoteza akiba yake. Seli za mafuta hutoa leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo; mafuta yakipungua, leptini nayo hushuka na njaa huzidi, huku mwili ukianza kubana matumizi yake hata wakati wa kupumzika. Mwaka 2016, Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano, wengi wao walikuwa wamenenepa tena, na miili yao ilitumia kwa siku takribani kilokalori 500 pungufu ya kiwango kilichotarajiwa kwa watu wa umbo na umri wao. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba waliofanikiwa zaidi kuuzuia uzito usirudi ndio waliokuwa wameongeza zaidi shughuli za mwili.

Ikiwa kinachohitajika ni zoezi la miaka, si la wiki sita kabla ya harusi, basi kamba ina sifa ambazo mazoezi mengi ya kulipia hayana: ni ya bei ndogo, huenea mfukoni, na hurukwa barazani hata wakati wa masika, ingawa jirani wa ghorofa ya chini anaweza kuwa na maoni tofauti. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watu wazima angalau dakika 75 za mazoezi makali kwa wiki, au 150 za mazoezi ya wastani, na kamba huhesabiwa miongoni mwa yale makali.

Kasoro yake iko miguuni. Kila mruko huangusha uzito wote juu ya vifundo, magoti na kano ya kisigino, hivyo mwenye uzito mkubwa sana hufaa aanze kwa kutembea haraka, na mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Anayeanza aruke kwa sekunde 20 na kupumzika kwa 40, akiwa amevaa viatu, juu ya udongo ulioshikana au mbao badala ya zege. Urefu wa kamba hupimwa kwa kuikanyaga katikati, na vishikio vyake vifike kwapani. Mikono izungushwe kutoka kwenye vifundo vyake, si mabegani, na nyayo ziinuke sentimita mbili au tatu tu.