Mahindi Juu ya Mahindi: Kwa Nini Mbolea ya Duka Peke Yake Haitoshi

Katika ziara zetu vikundini, swali moja tunalisikia mahali pengi: "Mwaka jana niliweka mbolea, mwaka huu nimeweka tena, na deni la chama sijamaliza. Mbona magunia yanapungua?" Sisi nasi tunauliza: shamba hilo lilipandwa nini mwaka jana? Mahindi. Na mwaka wa juzi? Mahindi.

Ndugu wanakikundi, tupige hesabu. Mahindi yanapenda sana nitrojeni, chakula kinachofanya majani kuwa ya kijani. Ikikosekana, majani ya chini hugeuka manjano kuanzia nchani, na gunzi huwa dogo. Ukivuna magunia 20 ya kilo 90, punje peke yake zinaondoka na karibu kilo 27 za nitrojeni. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9. Mfuko wa CAN una kama kilo 13. Jumla ni 22, na nyingine huchukuliwa na mvua. Pengo linazibwa na udongo, kila mwaka, mpaka unachoka.

Hapo ndipo kubadilisha mazao kunasaidia. Kunde, njahi, soya, njugu karanga na maharagwe vina vifundo mizizini. Ndani yake mnaishi vijidudu vinavyonasa nitrojeni ya hewani. Mmea ukitoa maua, uchimbue polepole, pasua kifundo kwa ukucha. Kukiwa kwekundu ndani, kazi inaendelea. Kukiwa kweupe au kijani, hakuna kitu.

Lakini tusidanganyane. Maharagwe ya kawaida hunasa kidogo kuliko soya au kunde. Tena wengi wetu hung'oa mmea mzima, tukapura nyumbani, maganda tukachoma. Kumbe tumechoma mbolea! Afadhali kukata shina na kuacha mizizi. Majani na maganda yarudi shambani, au ale ng'ombe na samadi irudi.

Kuna faida nyingine. Kayongo, lile gugu la maua ya zambarau, hunyonya mizizi ya mahindi, isipopata mizizi ya kunyonya, haikui. Na ule ugonjwa wa kukausha mahindi uliotambuliwa Bomet mwaka 2011 huenea zaidi pale mahindi yanapofuatana bila kupumzika.

Je, tuache mbolea ya duka? Hapana, tuitumie vizuri:

1. DAP iwekwe wakati wa kupanda, ichanganywe na udongo ili isiunguze mbegu.
2. CAN iwekwe mahindi yakifika magotini, baada ya palizi, udongo ukiwa na unyevu. Ukiweka kabla ya palizi, unalisha magugu.
3. DAP ya miaka mingi huongeza asidi. Pima udongo, huenda unahitaji chokaa ya shamba.

Mwenye nusu ekari atasema, "Nikiacha mahindi, watoto watakula nini?" Ni kweli, ugali hauachwi. Basi gawa shamba mara tatu. Sehemu moja tu ipandwe kunde au soya, na kila mwaka ihamishwe. Baada ya miaka mitatu shamba lote limepata zamu.

Ya kujadili kikundini:
- Nani kati yetu amepanda mahindi mfululizo miaka mitatu au zaidi?
- Maganda yetu huenda wapi?
- Tunaweza kuchanga pamoja gharama ya kupima udongo?